Lenzi ya zumu ya kupigia picha wanyama na ndege: maswali yanayojirudia kila siku

Maswali haya nimeyajibu mara nyingi mno mpaka nimeona bora niyaweke sehemu moja. Nimeyapa namba, kwa hiyo jibu likigusa jambo ambalo lina swali lake nitakuelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi maana yake nini hasa?

Zinakwambia lenzi inaona eneo jembamba kiasi gani. Kwenye kamera ya fulu fremu (yenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, kubwa kama filamu ya zamani), milimita 50 inaona kama digrii 47 hivi kona kwa kona, 200 inaona digrii 12, 400 inaona 6, na 600 inaona digrii 4 tu. Digrii 4 ni kama kuchungulia dunia kupitia tundu la ufunguo, ndo maana wanaoanza moja kwa moja na 600 wanalalamika eti ndege haonekani kwenye kioo, ndege yupo palepale, wao ndo wanachungulia tawi la pembeni.

Lenzi yenye namba mbili, mfano 100-400, hiyo ndo zumu: unazungusha ringi unasimama popote katikati ya hizo namba. Yenye namba moja tu ni fiksi, ukitaka kubadili ukubwa wa mnyama kwenye picha unatumia miguu.

2. Sasa mi nahitaji milimita ngapi?

Hili ndo swali linaloongoza, na jibu langu huwa haliwafurahishi watu: inategemea mnyama ana ukubwa gani na wewe utamkaribia kiasi gani. Anza na hayo mawili kabla hujaangalia lenzi yoyote.

Tufanye hesabu kidogo, ni rahisi. Kamera ya fulu fremu ya megapikseli 24 (yaani pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, milioni 24) inatoa picha yenye upana wa pikseli 6000. Una milimita 400, ndege yuko mita 20. Kwa umbali huo fremu nzima inameza upana wa mita 1.8, kwa hiyo ndege wa sentimita 15 anachukua sehemu moja ya kumi na mbili, pikseli 500 basi. Ukiweka 600 anafika pikseli 750, sio mbaya. Lakini ukibaki na ileile 400 ukasogea mpaka mita 10, anafika pikseli 1000! Yaani mita kumi za kutambaa kwa tumbo zimeipiga bao lenzi ya kilo mbili, na hukuongeza hata senti.

Kwa hiyo kwa wanyama wakubwa kama tembo, twiga na nyati, 100-400 inatosha na mara nyingi utajikuta uko kwenye 150 hivi. Simba na swala, 400 ni sawa ukiwa na subira. Ndege wadogo hapo ndo 500 na 600 zinapoanza kuwa na maana, na hata hivo bado utaikata picha ukifika nyumbani. Hamna milimita zinazotosha kwa ndege, hata mwenye 800 analalamika.

3. Kamera yangu ni APS-C, ile habari ya kuzidisha mara 1.5 ni kweli au ni maneno ya wauzaji?

Ni kweli, ila sio kwa namna watu wanavofikiri. APS-C ni kamera yenye sensa ndogo kuliko fulu fremu. Lenzi hairefuki. Sensa ndogo inakata kingo za picha, inabakisha katikati, kwa hiyo 400 inakupa pembe ileile ambayo 600 ingekupa kwenye fulu fremu. Nikon, Sony na Fujifilm unazidisha kwa 1.5, Canon kwa 1.6, na zile Micro Four Thirds, zenye sensa ndogo zaidi, kwa 2.

Faida ya kweli iko kwenye pikseli. Fulu fremu ya megapikseli 24 ukiikata mpaka saizi ya APS-C unabaki na kama megapikseli 10.7 tu, wakati mwenye APS-C ya 24 anabaki na zote 24 zikiwa zimemlalia ndege. Gharama yake utaiona jioni, giza likianza kuingia, kwa sababu sensa ndogo inakusanya mwanga kidogo na chengachenga (vidoti vya fujo kwenye picha) zinaanza mapema. Kwa mtu anayeanza na anapenda ndege, mi naona APS-C na 100-400 ni ndoa nzuri.

4. Kwa nini zumu na sio fiksi? Nasikia fiksi ina makali zaidi.

Fiksi nyingi kweli zina makali zaidi na zinaingiza mwanga zaidi. Ila mnyama hajui una lenzi gani. Kuna siku nilikuwa na fiksi ya 400 tumekaa kwenye gari tunasubiri, tembo akatokea kichakani upande wangu, akaja akaja akaja, mpaka nashtuka fremu nzima ni jicho moja na makunyanzi. Picha ya jicho sio mbaya ukiwa umeipanga, mi sikuipanga, na mwenzangu mwenye 100-400 alipata tembo mzima na mtoto wake nyuma. Kubadilisha lenzi pale? Vumbi lile lingeingia kwenye sensa lote.

Faida nyingine haisemwi sana: zumu inakusaidia kumpata mnyama. Fungua upana wote, mpate, ndo uvute. Ukianza umeshavuta mpaka mwisho utamtafuta mpaka aondoke.

## Mwanga, fokasi na mtikiso

5. f/2.8, f/5.6, f/6.3... hizi namba zinanihusu nini?

Zinahusu mwanga unaoingia, na ndo zinazoamua uzito na bei. Chukua milimita gawanya kwa namba ya f, unapata upana wa tundu la mwanga. 600 gawanya kwa 6.3 ni kama milimita 95, ndo maana zumu nyingi zinazofika 600 zinavaa filta ya milimita 95. Sasa itake hiyo 600 iwe f/4: tundu linakuwa milimita 150, kioo cha mbele ukubwa wa sahani. Hapo huhitaji kuelezwa kwa nini zile lenzi kubwa zinabebwa kama mtoto.

Kutoka f/2.8 kwenda f/5.6 ni stopu mbili (kila stopu inakata mwanga nusu), maana yake unabaki na robo ya mwanga. Hiyo ni tofauti kubwa, hasa msituni au alfajiri. Ila kutoka f/5.6 kwenda f/6.3 ni theluthi ya stopu, na nimeona watu wanakosa usingizi kwa theluthi ya stopu. Ukiona zumu imeandikwa 5-6.3, namba ya kwanza ni ikiwa fupi, ya pili ikiwa imevutwa mpaka mwisho, na we utakuwa mwisho muda mwingi, kwa hiyo soma ile ya pili.

6. Nimeambiwa f/6.3 otofokasi haifanyi kazi, ni kweli?

Otofokasi ni kamera kujilengea makali yenyewe, na hii ni habari ya zamani yenye ukweli kidogo. DSLR nyingi, zile kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, mfumo wake wa fokasi ulitengenezwa kwa f/5.6, baadhi zikaenda mpaka f/8 kwa pointi za katikati, na zumu za f/6.3 za kampuni nyingine zilikuwa zinafokasi vizuri tu hata hivo ila zinasuasua mwanga ukipungua. Kwenye mirolesi, zile kamera zisizo na kioo hicho, fokasi inafanywa na sensa yenyewe, mambo yamebadilika kabisa, Canon wana RF 200-800 ambayo mwisho wake ni f/9 na inafokasi.

Kama lenzi yako inahangaika mbele nyuma mbele nyuma bila kumshika ndege, kabla hujailaumu tafuta swichi pembeni inayozuia fokasi isishuke kwenye umbali wa karibu. Watu wengi hawajawahi kuigusa toka wanunue.

7. Lenzi ina kizuia mtikiso, kwa nini picha bado zinatikisika?

Kwa sababu kinazuia mikono yako, hakimzuii mnyama. Simba amelala, ndio, kitakuokoa hata kwenye spidi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga) ya 1/100 ya sekunde. Ndege anaruka, hakuna kizuizi kitakachomgandisha, hapo ni spidi ya shata, 1/2000 kwenda juu na wale wadogo wenye mabawa ya haraka 1/3200. Mnyama anayetembea taratibu 1/500 inatosha.

Kanuni ya zamani inasema spidi isishuke chini ya moja ya milimita, yaani kwa 600 usishuke 1/600, na kwenye APS-C zidisha kwanza kama nilivosema swali la 3. Sasa mwanga wa kulipia spidi hiyo unatoka wapi? ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga. Usiiogope. Chengachenga zinasafishika kwenye kompyuta, picha iliyotikisika haisafishiki. Alafu ukiwa unamfuata mnyama anayekimbia pembeni, weka kizuizi kwenye modi 2, hiyo inatuliza juu chini tu na kukuachia uzungushe kamera, modi 1 itakuwa inashindana na wewe.

## Uzito na umbo

8. Uzito gani ni mzito sana?

Ule utakaokufanya uiache nyumbani. Canon RF 100-400 ina gramu 635, hiyo unasahau kama umeivaa. RF 100-500 ni kama kilo 1.37. Sony 200-600 ni kilo 2.1 bila mguu wake wa kufungia stendi. Sigma 150-600 ya Sports, ile ya DSLR, ni kilo 2.86, na hapo hujaweka kamera.

Namba kwenye karatasi hazikwambii kitu, kwa hiyo fanya jaribio la bure: chukua chupa ya maji ya lita mbili, ishike usawa wa jicho kama unavoshika kamera, mkono wa kushoto chini, kaa hivo dakika moja. Sekunde ya thelathini bega linaanza kuuliza maswali. Ndege anaweza kukaa juu ya tawi dakika tano bila kuruka, na ataruka sekunde ile umeshusha kamera kupumzika, nakuapia.

9. Inayorefuka ukivuta au ile isiyorefuka?

Sony 200-600 na Nikon Z 180-600 hazirefuki, vioo vinatembea ndani kwa ndani. Faida yake uzito haukimbilii mbele ukivuta, kwenye stendi inakaa imetulia, na kuvuta ni kuzungusha kidogo tu. Zinazorefuka, kama RF 100-500 na zile 150-600, zinakunjika zinaingia kwenye begi dogo, ila zinavuta hewa na hewa inakuja na vumbi, na zikizeeka zinateremka zenyewe ukizielekeza chini, ndo maana zina swichi ya kufunga. Kwa mtembeaji nasema inayokunjika, kwa mkaaji wa sehemu moja isiyorefuka.

10. Lazima ninunue tripodi?

Sio lazima. Kwenye gari tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, ni mzigo tu, chukua mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage, tandika dirishani, laza lenzi, zima injini. Injini ikiwaka mtikiso wake unaingia mpaka kwenye picha. Kwa kutembea, monopodi, stendi ya mguu mmoja. Tripodi na kichwa cha gimbo (kinachobeba lenzi nzito ikizunguka kirahisi) ni kwa wale wanaokaa sehemu moja masaa.

Chochote utakachotumia, funga kwenye mguu wa lenzi, sio kwenye kamera. Kilo mbili zikining'inia kwenye maunti ya kamera, pale lenzi inapojifunga, sio utani.

## Kununua

11. Nichague ipi kati ya 100-400, 150-600, 200-600 na hizo nyingine?

Ukiwa unatembea kwa miguu na unapiga kila kitu, mandhari, wanyama, mpaka vipepeo: 100-400 au 100-500. Ukiwa ni mtu wa ndege na unakaa ukisubiri: 200-600, 180-600, 150-600, yoyote inayoingia kwenye kamera yako. 70-200 f/2.8 ni lenzi tamu sana lakini kwa wanyama ni fupi, labda wamezoea watu au uko gizani msituni. Ukishakuwa na kamera, chaguo lako kwa kweli linabaki lenzi mbili tatu, kwa hiyo usipoteze mwezi mzima ukilinganisha lenzi ambazo hata hazifungi kwenye maunti yako.

Kitu kimoja cha kuangalia: mwanzo wa zumu. Watu wanaangalia mwisho tu. 200 kama mwanzo ni mbali, mnyama akija karibu ndo yale ya swali la 4.

12. Lenzi za Sigma na Tamron zinafaa au nisubiri ya kampuni ya kamera?

Zinafaa sana, 150-600 zao zimewafungulia mlango watu wengi. Mambo mawili tu: kamera ikipata programu mpya au ukibadilisha kamera, lenzi inaweza kuhitaji kusasishwa nayo, na kwenye baadhi ya mirolesi kamera inazipunguzia idadi ya picha kwa sekunde. Ulizia hilo kwa kamera yako hasahasa.

13. Naipata mtumba, nikague nini?

Nenda na kamera yako na tochi. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma, chungulia kwa mbele. Vumbi kidogo halina shida, kila lenzi inalo. Unachotafuta ni nyuzinyuzi kama utando wa buibui: huo ni fangasi, iache. Zungusha ringi ya kuvuta taratibu mwanzo hadi mwisho usikilize kama kuna mchanga unasaga. Washa kizuia mtikiso uangalie picha kwenye kioo ikitulia.

Alafu toka nje upige ukuta wa matofali au bango lenye maandishi, ukiwa umevuta mpaka mwisho na f imefunguliwa yote, picha kama kumi hivi. Kuza uangalie kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa na makali na mwingine hauna, kioo cha ndani kimehama, labda iliwahi kuanguka. Nilishauziwa moja ya hivo na muuzaji aliyeniapia haijawahi kudondoka, kosa langu nilipiga picha mbili tu, zote katikati. Jaribio la tofali lifanye bila haraka hata kama muuzaji anaangalia saa.

14. Si ninunue teleconvata tu badala ya lenzi ndefu?

Teleconvata ni kipande kinachokaa kati ya lenzi na kamera kuzidisha milimita. Ya 1.4 inakula stopu moja, ya 2 inakula stopu mbili. 100-400 ya f/5.6 ikivaa ya 1.4 inakuwa 560 f/8, mchana wa jua inapitika. Ikivaa ya 2 ni 800 f/11, fokasi inachoka na makali yanapungua. Teleconvata zilitengenezwa kwa raha za lenzi za f/2.8 na f/4. Na kuna mitego, RF 100-500 ikivaa teleconvata inafanya kazi kuanzia 300 kwenda juu tu, zumu yako nusu imeenda.

## Matatizo na mambo ya pembeni

15. Picha za karibu zina makali, za mbali zimelainika kama zimepakwa mafuta. Lenzi mbovu?

Nina uhakika mkubwa lenzi ni nzima. Ni hewa. Ardhi ikipata joto hewa ya chini inachemka, mwanga unapinda ukipita humo, ni mambo yaleyale ya mazigazi barabarani. Mnyama akiwa mita 150 saa saba mchana unapiga picha kupitia supu. Lenzi ya gharama kubwa haisaidii, na ndefu zaidi inaikuza hiyo supu. Piga picha kumi za mnyama aliyetulia uziangalie mfululizo: kama makali yanahamahama, moja jicho liko safi, inayofuata limeyeyuka, basi ni hewa. Lenzi mbovu inakosea vilevile kila mara.

Dawa ni kupiga alfajiri, au kusogea. Na ukiwa kwenye gari lililokuwa kwenye jua au lenye hita, joto linalotoka dirishani nalo linafanya hivohivo hata kwa mnyama wa karibu.

16. Niweke filta ya UV kulinda kioo?

Mi siweki. Vaa lile bomba la plastiki la mbele, linakinga miale ya pembeni, matawi na kugonga. Filta ya bei rahisi kwenye 600 inakula makali uliyoyalipia. Ila kukiwa na mchanga unaopeperuka au maji ya chumvi, weka nzuri, ukimaliza utoe.

17. Fangasi nazuiaje?

Unyevu na giza ndo chakula chake. Usiifungie lenzi kwenye begi ikiwa na umande, iache ikauke kwanza, alafu hifadhi kwenye boksi lisilopitisha hewa pamoja na pakiti za silika jeli zinazonyonya unyevu. Na itumie, lenzi inayotoka nje kila wiki ni nadra kuota kitu.

18. Zumu hizi zinaweza kupiga vipepeo na kereng'ende?

Baadhi vizuri sana. Canon EF 100-400 toleo la pili inafokasi kuanzia sentimita 98, Sony 100-400 GM vilevile, unapata kipepeo amejaa fremu bila kumwekea kivuli. Sony 200-600 inataka umbali wa mita 2.4, kwa hiyo utajikuta unarudi kinyumenyume. Kama swichi ya swali la 6 umeifunga, ifungue.

19. Sina kamera ya kubadili lenzi, kamera yenye zumu yake ndani inafaa?

Kwa mchana inafaa kuliko watu wanavotaka kukubali. Sony RX10 IV inakupa sawa na 24-600 kwenye sensa ya inchi 1. Nikon P1000 inafika sawa na 3000, ila sensa yake ni ndogo kama ya simu, na supu ya swali la 15 utaiona yote. Kuvuta kwa kidole kwenye kioo cha simu baada ya lenzi yake ya mwisho sio zumu, ni kukata picha tu.

20. Mnyama yuko nyuma ya wavu, zumu itaniokoa?

Mara nyingi ndio. Sogeza lenzi karibu kabisa na wavu, vuta mpaka mwisho, fungua f yote, na usubiri mnyama asimame mbali na wavu. Nyaya zinayeyuka zinapotea. Wavu ukiwa unapigwa na jua hautapotea, utafute upande wenye kivuli.

21. Nataka kupigia mwezi na jua kwa hiyohiyo lenzi.

Mwezi, karibu. Kwenye 600 ya fulu fremu unachukua chini kidogo ya robo ya kimo cha fremu, na kumbuka mwezi umepigwa na jua, kwa hiyo sio picha ya usiku: anza na f/8, ISO 200, 1/250 alafu urekebishe.

Jua hapana, sio bila filta maalumu ya jua iliyofungwa mbele ya lenzi. Ukichungulia jua kupitia kioo cha DSLR na milimita 600 jicho linaungua na hutasikia maumivu, na kwenye mirolesi inayoungua ni sensa na mapazia ya shata. Hata kamera ikiwa imezimwa usiiache juani ikielekea juu bila kifuniko.